Siasa kwa ajili ya tabianchi: ufuate njia ya Inslee, ya Lucas, ya Nasheed au ya Wangari?

Mpwa wangu alimaliza chuo Morogoro, na tangu hapo kila tukikaa ananirudishia swali lile lile: "Mjomba, nikitaka kupigania tabianchi kwa siasa, nianzie wapi?" Rafiki yake mmoja anamwambia ajiunge na chama kikubwa, ainamishe kichwa, angoje zamu yake. Mwingine anasema vyama vikubwa vitammeza, bora atafute kidogo chenye msimamo. Wa tatu anamwambia aachane na kura kabisa, apande miti.

Nilishindwa kumjibu papo hapo. Nikaona bora nimwekee mezani wanasiasa wanne ambao mazingira hayakuwa aya moja tu katika ilani zao, bali ndiyo sababu ya wao kujulikana. Kila mmoja alipita njia yake, na kila mmoja alilipa. Kama nawe umekwama alipokwama yeye, soma ukijifikiria wewe, si wao.

Wa kwanza ni Jay Inslee, gavana wa jimbo la Washington kule Marekani kuanzia Januari 2013 hadi Januari 2025, ambaye mwaka 2019 aligombea tiketi ya urais ya chama cha Democratic akiitanguliza tabianchi mbele ya kila kitu. Wa pili ni Caroline Lucas, mbunge wa kwanza wa chama cha Kijani katika Bunge la Uingereza, 2010 hadi 2024. Wa tatu ni Mohamed Nasheed, rais wa Maldives kutoka Novemba 2008 hadi Februari 2012. Wa nne ni wa kwetu, Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977 na kuwa mbunge wa Tetu, Nyeri, kuanzia uchaguzi wa Desemba 2002.

Vipimo nilivyotumia

Nimewapima kwa maswali manne. Mlango: aliingiaje, na mlango huo uko wazi kwa mtu wa kawaida? Mamlaka: akishafika, aliweza kuamua nini hasa? Gharama: njia hiyo ilimtoza nini? Na mwisho, kinachobaki: siku alipotoka ofisini, ni kitu gani kiliendelea bila yeye? Hilo la mwisho nalipa uzito zaidi, na sifichi. Gesijoto, yaani hewa zinazoipasha dunia joto, hukaa angani miaka mingi kuliko kipindi cha ubunge, kwa hiyo kazi inayokufa na kiti chako haijafika mbali.

Mlango

Inslee aliingia kama wanasiasa wengi wa vyama vikubwa wanavyoingia: polepole, na kwa jambo la mtaani. Alikuwa wakili katika mji mdogo wa Selah, akapigania fedha za kujenga shule, akaingia bunge la jimbo mwaka 1989, kisha Bunge la Marekani mwaka 1993. Uchaguzi wa 1994 ukamtoa. Akagombea ugavana mwaka 1996 akashindwa kwenye mchujo. Akahamia upande mwingine wa jimbo, akarudi bungeni mwaka 1999, akakaa huko mpaka 2012. Ukihesabu, alikuwa na zaidi ya miaka 20 ya siasa kabla hajashika kalamu ya gavana. Mlango upo wazi, ila foleni ni ndefu.

Lucas alijiunga na chama cha Kijani mwaka 1986, chama ambacho hakikuwa na hata mbunge mmoja. Akawa diwani wa Oxfordshire mwaka 1993, akaingia Bunge la Ulaya mwaka 1999, na hatimaye Mei 2010 akashinda jimbo la Brighton Pavilion kwa kura 1,252 tu. Tazama ngazi ya katikati. Bunge la Ulaya lilichaguliwa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo chama kidogo kilipata nafasi. Bunge la Uingereza huchaguliwa kwa mshindi wa kila jimbo kuchukua chote, sawasawa na majimbo yetu ya Tanzania na maeneo bunge ya Kenya. Mwaka 2015 chama chake kilipata zaidi ya kura milioni 1 nchi nzima, kikaambulia kiti kimoja, cha kwake. Anayetaka kuanzisha chama cha kijani Dodoma au Nakuru aikumbuke hesabu hiyo. Rwanda ni tofauti: kule viti hugawanywa kwa uwiano, na chama cha Democratic Green kilipata viti 2 mwaka 2018.

Nasheed hakuingia kwa mlango wa mazingira hata kidogo. Alikuwa mwandishi wa habari aliyefungwa mara nyingi kwa kuipinga serikali ya Maumoon Abdul Gayoom, iliyodumu miaka 30. Alishinda urais kwa ajenda ya demokrasia. Tabianchi ilikuja kwa sababu nchi yenyewe inaidai: sehemu kubwa ya ardhi ya Maldives haifiki mita 1 juu ya usawa wa bahari.

Kuhusu Wangari, watu husahau kwamba alijaribu siasa mapema, na mlango ukafungwa usoni pake. Mwaka 1982 alijiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge, akaenguliwa kwa hoja kwamba hajajiandikisha kama mpiga kura. Chuo kikakataa kumrudisha. Kazi ikaenda, nyumba ya chuo ikaenda. Mwaka 1997 akagombea urais na ubunge kwa pamoja, vyote akashindwa. Kilichomfikisha bungeni mwaka 2002, kwa asilimia 98 ya kura za Tetu, ni miaka 25 ya vitalu vya miche na kina mama waliomfahamu kwa jina. Na hakuanza kwa kuwaambia habari za tabianchi. Alianza na kuni zilizokuwa mbali, mito iliyokauka na udongo uliochukuliwa na mvua. Mpwa wangu ana kamusi nzima ya maneno ya mikutano ya kimataifa, nami namsihi aisome sehemu hii mara mbili.

Mamlaka

Hapa gavana anawazidi wote kwa mbali, na haki yake apewe.

Mwaka 2019 Inslee alitia saini sheria inayozitaka kampuni za umeme za Washington ziachane na makaa ya mawe kufikia mwisho wa 2025, na zitoe umeme usio na gesijoto kabisa ifikapo 2045. Mwaka 2021 ikafuata sheria kubwa zaidi. Chini yake serikali huweka kikomo cha gesijoto kinachoshuka mwaka hadi mwaka, na wachafuzi wakubwa hununua vibali vya kutoa gesi hizo kwenye mnada. Fedha za mnada huenda kwenye usafiri wa umma, nyumba zinazotumia nishati kidogo na jamii zilizoathirika. Ilianza kazi Januari 2023.

Lakini usidhani alifika akatia saini tu. Kwa miaka kadhaa mipango yake ya kutoza hewa ukaa ilikwama katika bunge la jimbo. Mwaka 2018 pendekezo la ada ya hewa ukaa alilolipigia debe lilipelekwa kwa wananchi, nao wakalikataa kwa zaidi ya asilimia 56. Ni gavana wa jimbo ambalo umeme wake mwingi unatoka kwenye mabwawa ya mto Columbia, jimbo lenye wapiga kura wanaopenda mazingira, na bado ilimchukua miaka minane. Tena kwenye urais, ambako alikwenda na tabianchi kama bendera yake, hakufika popote: alitangaza nia Machi 2019, akajitoa Agosti ya mwaka huo huo, tafiti za maoni ya wapiga kura zikiwa hazijampa zaidi ya asilimia chache.

Lucas hakuwahi kuwa na wizara. Mbunge mmoja kati ya 650 hapitishi sheria peke yake. Alichokuwa nacho ni maswali, kamati, miswada binafsi na kipaza sauti. Alisimama kuhoji mafuta ya Bahari ya Kaskazini na uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, mwaka baada ya mwaka, wakati vyama vikubwa vilipendelea kunyamaza. Bunge lilipotangaza dharura ya tabianchi Mei 2019, hoja ilikuwa ya chama cha Labour, si yake. Ndivyo mamlaka ya mbunge wa pekee yalivyo: anasukuma mlango kwa miaka, akishaulegeza wanaingia wengine.

Nasheed alikuwa na ikulu, lakini ikulu ya visiwa vyenye uchumi mdogo unaotegemea watalii na dizeli. Machi 2009 aliahidi nchi itaachana na hewa ukaa ndani ya miaka kumi. Ahadi haikutimia. Nguvu yake halisi ilikuwa nje ya mipaka. Oktoba 2009 aliwashusha mawaziri wake chini ya maji, wamevaa mitungi ya hewa, wakatia saini wito kwa dunia, na picha ile ilizunguka kila bara. Mwezi uliofuata aliitisha mkutano ulioanzisha Jukwaa la Nchi Zilizo Hatarini Kutokana na Tabianchi, na miongoni mwa nchi kumi na moja za mwanzo zilikuwemo Tanzania, Kenya na Rwanda. Jukwaa hilo lilikuwa miongoni mwa walioshupalia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, mpaka kikomo hicho kikaandikwa katika Mkataba wa Paris mwaka 2015.

Wangari alipewa unaibu waziri wa mazingira Januari 2003, na alikuwa nao hadi 2005. Nikisema kweli yote, miaka ile ya serikalini si sura yenye nguvu zaidi ya maisha yake. Naibu waziri huagizwa. Mamlaka yake makubwa aliyapata akiwa hana cheo. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Akaandika barua kwa kila mtu mwenye masikio, akatukanwa bungeni, ofisi ya vuguvugu lake ikafukuzwa kwenye jengo la serikali, na mwishowe jumba halikujengwa. Mwaka 1999 akapigwa hadi akatoka damu kichwani akiutetea msitu wa Karura. Msitu huo upo hadi leo. Ukiwa Nairobi, lipa kiingilio uende ukatembee chini ya miti.

Gharama

Inslee alilipa kwa miaka na kwa maridhiano. Sheria ya 2021 ilipitishwa huku baadhi ya wanaharakati wakiiona inawaachia wachafuzi upenyo, na ilipoanza kazi wapinzani waliilaumu kwa kupanda kwa bei ya petroli. Mtu asiyeweza kukaa na lawama za pande zote mbili, njia hii itamtafuna.

Gharama ya Lucas ni ya aina ambayo watu hawaifikirii mpaka wafike. Agosti 2013 alikamatwa kwenye maandamano ya Balcombe dhidi ya kuchimba mafuta, mwaka uliofuata mahakama ikamwachia huru. Hilo lilimpa heshima. Kilichomchosha ni kingine. Alipotangaza Juni 2023 kwamba hatagombea tena, alieleza kuwa shida za wapiga kura wake, pamoja na mzigo wa kuwa mbunge pekee wa chama, zilimnyima muda wa kushughulikia tabianchi na viumbe hai, jambo lenyewe lililompeleka bungeni. Nimelifikiria sana hilo. Mbunge yeyote wa huku anayepigiwa simu saa kumi na moja alfajiri kuhusu msiba, ada ya shule na mgogoro wa mpaka wa shamba atamwelewa mara moja.

Nasheed alilipa kwa mwili. Februari 2012 alijiuzulu, akisema amelazimishwa na wenye silaha. Mwaka 2015 akahukumiwa miaka 13 kwa kosa la ugaidi, hukumu iliyofutwa baadaye, na katikati hapo akaishi Uingereza kama mkimbizi. Alirudi, akawa Spika mwaka 2019, na Mei 2021 bomu lililotegwa karibu na gari lake nusura limuue.

Wangari alipoteza kazi, alilala rumande, alipigwa. Ndoa yake pia ilivunjika hadharani, na jamii ikamhukumu yeye. Kisha mwaka 2007, miaka mitatu tu baada ya Tuzo ya Nobel ya Amani, alishindwa kwenye mchujo wa muungano wa PNU, akagombea kwa chama chake cha Mazingira, na watu wa Tetu wakamchagua mwingine. Tuzo ya dunia nzima haikumwokolea kiti kimoja cha nyumbani. Iliniuma nilipolisikia, na bado inaniuma.

Kinachobaki

Novemba 2024, wiki chache kabla Inslee hajaondoka, wananchi wa Washington waliulizwa kama wanataka kuifuta sheria ya mnada wa hewa ukaa. Takriban asilimia 62 walikataa kuifuta. Watu wale wale walioikataa ada mwaka 2018 waliilinda sheria mwaka 2024, kwa sababu safari hii fedha walikuwa wameziona zikifanya kazi mitaani kwao. Hata kampeni yake ya urais iliyoshindwa iliacha kitu: alijitoa, lakini mipango aliyoiandika kwa kina ilichukuliwa na wagombea wengine, akiwemo Elizabeth Warren.

Lucas aliacha kiti na mfano. Julai 2024 Brighton Pavilion ilibaki mikononi mwa chama chake, na viti vikawa vinne. Miaka 14 ya kuwa peke yake ikawa ushahidi kwa wapiga kura kwamba kura ya Kijani haipotei.

Nasheed aliacha jukwaa linaloendelea, ambalo baadaye alilirudia kama katibu mkuu wake. Ndani ya Maldives nishati ya jua imesonga taratibu kuliko alivyoahidi.

Wangari alifariki Septemba 2011. Kufikia Nobel ya 2004 vuguvugu lake lilikuwa limepanda miti zaidi ya milioni 30, kwa mpango mwepesi kueleweka: kina mama walilipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila uliopandwa. Neno "uliopona" ndilo lililobeba kazi yote. Chama chake cha siasa hakikuacha alama kubwa, vitalu viliacha.

Basi ufuate ipi?

Kama una subira, unajua kukaa na watu usiokubaliana nao, na unataka kuona kitu kimeandikwa katika sheria, njia ya Inslee inakufaa. Kenya imeirahisisha tangu kaunti zianze mwaka 2013. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015, kabla Bunge la taifa halijapitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Mwakilishi wadi anayeielewa bajeti anaweza kufanya mengi kuliko mbunge anayehutubia vizuri.

Kama dhamiri yako haiwezi kubeba kadi ya chama kikubwa, na uko tayari kupoteza chaguzi tatu ili ushinde wa nne, mtazame Lucas. Anza udiwani kama yeye, chagua eneo moja, ulilime miaka. Kwa Kenya kuna pia mgombea binafsi, tangu Katiba ya 2010. Tanzania bado hairuhusu, kwa hiyo chama kidogo au kikubwa, utahitaji chama. Na jiulize mapema nani atapokea simu za alfajiri ili wewe usome muswada.

Kama kwenu ni Lamu, Pemba, Mafia, au unafanya kazi ya diplomasia, njia ya Nasheed ina mengi ya kukufundisha: namna nchi ndogo inavyoweza kulazimisha kusikilizwa kwa picha moja na marafiki kumi. Ila usiende nayo ukiwa huna watu imara nyumbani.

Kama huna fedha, huna jina na huna mtu chamani, lakini una watu wa kijiji chako, njia ya Wangari ndiyo inayoanza kesho asubuhi. Tanzania ina nyenzo ambayo wengi hawaitumii: Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, na kuusimamia chenyewe. Huhitaji ubunge kwa hilo. Unahitaji akidi ya mkutano.

Na kama unasita kati ya mbili, changanya. Kitalu na udiwani havigombani. Asichoweza mtu ni kuwa Lucas na Inslee kwa wakati mmoja, kwa sababu mmoja anakutaka useme lote, mwingine anakutaka unyamaze nusu ili upate nusu nyingine.

Nilimtumia mpwa wangu rasimu ya maneno haya usiku. Asubuhi akanijibu: "Shikamoo mjomba. Jumapili kuna mkutano mkuu wa kijiji kwa bibi, kule mlimani. Unajua akidi ni watu wangapi?"